Baiskeli ya Padre na Dumu la Rubisi

Wenzangu wa kikundi, Bwana asifiwe.

Mmeniuliza mmoja mmoja, kisimani, nje ya kanisa, na wengine kwa simu mkijifanya mnauliza bei ya maharage. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande kikinirudia kinakuwa kimeshaota mkia. Juzi nimesikia kwamba nilionekana Nkwenda nimevaa suruali, nauza pombe. Basi naandika safari yote mara moja, msome na kupitishiana. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa anasema maelezo marefu yawekewe vichwa vya habari ili msomaji apumzike. Mtapumzika.

Nyakasimbi mpaka Kayanga

Mnajua kazi yangu ya kutembelea wagonjwa, na mnajua mgongo wangu. Ile baiskeli yangu nyeusi ya kubebea ndizi imekuwa ikinipiga kila jiwe, mpaka nikifika kwa mgonjwa haijulikani nani amemtembelea nani. Daktari wa zahanati aliniambia niachane na baiskeli kabisa. Nikajaribu bodaboda, maumivu yakawa yaleyale, ila sasa yana redio. Ndipo Mama Edina akaja nyumbani akasema, "Pumzika dada. Mwanangu ana pikipiki, wagonjwa nitawazungukia mimi." Mama Edina, najua na wewe unasoma hapa, sina kinyongo. Ulisema kwa upole sana, na ule upole ndio ulionitoa kitandani.

Nilimpigia mdogo wangu Adela, anayeuza vipuri vya baiskeli Bukoba. Akacheka kwanza, halafu akaniambia, "Dada, mgongo wako hauna shida na baiskeli, una shida na lile lichuma lako. Tafuta baiskeli ya zamani ya Kitaliano, ile ya barabarani. Bomba zake nyembamba lakini chuma chake kina uhai, kinameza teke la barabara kabla halijakufikia. Ila siyo kila Mtaliano. Nyingine ni za mbio tupu, hizo zitakuua. Rangi usiiangalie. Angalia foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, iwe imejikunja mbele. Angalia nafasi ya tairi, liingie tairi nene."

Zilikuwa zinasikika mbili. Moja Kayanga dukani, iliyokuja na mitumba. Nyingine Kaisho, aliyoiacha padre mmoja wa Kitaliano alipozeeka akarudi kwao. Baba Asimwe, mume wangu, akasema, "Nenda. Ila ukirudi na Mtaliano mwenyewe, chakula chake utapika wewe." Akanipa na suruali yake ya mazoezi nivae chini ya gauni, kwa sababu baiskeli hizo zina bomba la juu kama za wanaume. Hiyo ndiyo suruali mnayoisikia.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi, na ilichukua nusu siku. Dereva wa bodaboda alikata kona ghafla akaingia kwenye nyumba ya msiba. "Mama, hapa ni kwa jirani yetu, siwezi kupita hivi hivi." Nikakaa na wanawake nisiowajua. Wakaniwekea ndizi na maharage, na walipojua ninatoka kanisani wakaniomba niongoze sala. Niliongoza. Marehemu nilimwita mama yetu mpendwa mara kadhaa, mpaka mmoja akanivuta gauni akaninong'oneza kwamba ni baba. Tukaondoka hapo dereva ameshiba na mimi nimefedheheka.

Kayanga

Mwenye duka anaitwa Bwana Shabani. Kwao asili ni Tanga, na maneno yake bado yana chumvi ya huko ingawa yeye kazaliwa hapahapa. Aliitoa baiskeli kama anayemtoa bibi harusi. Nyekundu, inang'aa, hata kutu haijui. Akainyanyua kwa vidole viwili.

"Mama'ngu, ona. Wepesi huu umeuona wapi?"

"Wepesi sina shida nao, baba. Mimi nataka isiniumize."

"Haiumizi. Chuma cha Ulaya kinaumizaje?"

Niliangalia foki, imenyooka kama mti wa bendera. Nikajaribu kuingiza kidole kati ya tairi na fremu, kikakataa hata ukucha. Matairi yenyewe membamba, yamejazwa upepo mpaka yanalia ukiyagonga. Lakini ile nyekundu, ndugu zangu. Nilijisikia namwambia Adela moyoni kwamba amekosea.

Nikapanda. Usukani ulikuwa umeinama chini, kwa hiyo na mimi nikainama, suruali ya Baba Asimwe ikajitokeza yote, na watu wa stendi wakapata cha kutazama. Kwenye lami ilienda kama inateleza. Nilipoingia barabara ya vumbi nyuma ya soko, ilinitikisa mpaka meno yakawa yanaongea peke yake. Nilirudi nikiisukuma.

"Imekuwaje tena, mama'ngu?"

"Bwana Shabani, mgongo umeitikia kila kokoto kwa jina."

"Baiskeli ya mbio haikaliwi, mama, inainamiwa. Utazoea."

"Nina miaka arobaini na kitu, baba. Mambo ya kuzoea nimeyamaliza."

Hakukasirika. Alinipa chai ya tangawizi na kitumbua, akanitafutia gari la kwenda Kaisho. Nilipokuwa napanda akaniita, "Ukirudi bado ipo." Nilimwombea apate mnunuzi mwenye mgongo mpya.

Kayanga mpaka Kaisho

Hilo gari lilikuwa Fuso lililoshusha ndizi na kurudi tupu. Fuso tupu halina adabu. Nilikaa mbele na dereva na mwanamke aliyepakata jogoo, na katika makorongo sote watatu tulikuwa tunaruka, jogoo peke yake katulia.

Tulisimama mara ya kwanza kwa pancha, mara ya pili kusubiri ng'ombe wavuke. Ng'ombe wenyewe wa pembe ndefu, wanavuka kana kwamba barabara ilitengenezwa kwa ajili yao, na nadhani ndivyo wanavyojua. Mara ya tatu dereva alimwona mkwe wake mbele anatembea kwa miguu, akapunguza mwendo tukamfuata nyuma polepole, maana kumpita na kumrushia vumbi haiwezekani, na kumpakia aje abanane nasi haiwezekani pia. Tulimsindikiza mkwe mpaka akaingia kwake.

Nilifika Kaisho mgongo umekufa ganzi. Nikasema moyoni, huko ninakokwenda nikikuta fimbo nyingine nyekundu, Mama Edina achukue wagonjwa wake.

Kaisho

Baiskeli ya padre ilikuwa kwa Mzee Bashaija. Alikuwa fundi wa padre zamani, akamjengea ukuta, naye padre alipoondoka akamwachia. Nilimkuta ameketi mlangoni na goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo tata," nikamwamkia, kama tunavyowaita baba zetu.

"Marahaba mwanangu. Ingia."

Mke wake akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Akaleta maziwa. Akaleta ndizi na nyama. Tuliongea mvua, tukaongea bei ya kahawa, tukaongea wagonjwa wa Nyakasimbi ambao yeye hawajui na wa Kaisho ambao mimi siwajui. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta pale pale mbele yetu, na hakuna aliyeitazama. Wageni kutoka mbali wanaojua kuishi hawaanzi na shida yao. Mpaka mama alipoondoa sahani ndipo Mzee akasema, "Sasa, ile takataka umeiona?"

Niliiona. Rangi ilikuwa ya kijivu, au labda ilikuwa ya buluu zamani. Foki imejikunja mbele vizuri, kila mtu Kaisho aliniambia iligonga mti. Kidole kilipita kati ya tairi na fremu, na tairi lenyewe nene. Siti ya ngozi, imeshika umbo la padre na juu yake umbo la Mzee. Usukani ule wa kuinama Mzee alikuwa ameugeuza juu, umesimama kama pembe za wale ng'ombe. Keria ya nyuma pana, ya mbao, imelowa kitu na kukauka mara nyingi mpaka imekuwa nyeusi.

"Tata, ulikuwa unabeba nini?"

"Rubisi," akasema. "Kinywaji cha heshima hakipandi pikipiki."

Akaniambia habari yake. Pombe hii ya ndizi ikitikiswa hujaa povu, husukuma kizibo, humwagika. Kwa hiyo dumu halifungwi kwa kifuniko, hufungwa kwa jani la mgomba lipate kupumua. Pikipiki inaitikisa, gari linaitikisa zaidi. Kwa baiskeli ya padre amepeleka rubisi harusi zote za upande ule, haikupungua hata kikombe. Mimi nilikuwa nasikiliza na kuhesabu makosa yake mbele za Mungu, huku sikio la pili likisema, kama haimwagi rubisi, haitamwaga mgongo.

Nikapanda kuijaribu mpaka njia panda na kurudi, kwenye mawe yaleyale yaliyolitesa Fuso. Nilikaa wima kama mtu yuko kanisani. Mawe niliyasikia, lakini kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani.

"Nimeipenda, tata."

"Nimeona. Ila siiachi hivi hivi." Akalishika goti. "Kesho kutwa tunapeleka posa Nyabiyonza. Mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye baba yake sasa. Mara ya mwisho tulipeleka posa kwa gari, dumu likatapika njia nzima, tukafika na povu. Wakwe wanacheka mpaka leo. Vijana wangu wanajua pikipiki tu. Goti langu ndilo hili."

Nikaanza kuona inakoelekea.

"Wewe unarudi upande huohuo," akasema. "Ukiifikisha rubisi imejaa na wakwe wakaipokea, baiskeli yako. Isipopokelewa, iache hapohapo Nyabiyonza, nitaichukua. Sina maneno mengi."

"Tata, mimi ni kiongozi wa akina mama wa kanisa. Tumefanya semina nzima kupinga hicho kitu."

"Sijakuambia unywe. Nimekuambia ubebe."

Nilikwenda kulala na neno hilo. Nilisali. Sikumkumbusha Mungu habari za harusi ya Kana na maji yaliyogeuka divai, kwa sababu kila mlevi wa kwetu anaanzia Kana. Nilimweleza tu kwamba kuna watu wananisubiri, na kwamba Mzee Felician, mgonjwa wangu asiyetaka kuona mtu, hata kunisubiri hanisubiri, ndiyo maana lazima niende. Asubuhi mgongo ulikuwa haujaniuma usiku kucha, nikalichukua kama jibu.

Kaisho mpaka Nkwenda

Mzee alilifunga dumu mwenyewe kwa kamba za mgomba. Akaniambia nisikimbie, nisifunge breki ghafla, na nikishuka mteremko nisimame kwenye pedeli kidogo. Kisha akaliombea. Aliliombea dumu, kwa Kinyambo, kwa sauti, na mimi niliyekuja na Biblia kwenye mkoba nikaitikia amina.

Sasa mfikirie. Mwanamke wa makamo, gauni, suruali, baiskeli yenye pembe, na dumu linalonukia kilabu kizima. Watu wa njiani hawakuwa na swali kwamba nauza. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyekuwa anapalilia, alichomoa kikombe mfukoni kabla sijafika.

"Simama kidogo, mama pombe."

"Siuzi, baba. Ni ya posa."

"Ya posa inabebwa na wewe? Wanaume wameisha?"

"Wana magoti, baba."

Mbele kwenye kijiwe cha mafundi wa baiskeli walinisimamisha, siyo kwa ajili ya rubisi bali kwa huruma. Walitaka kuirudisha foki iliyopinda iwe imenyooka, na usukani uliogeuka waugeuze. Mmoja alishashika spana. Nilimwambia, "Mwanangu, ukigusa hapo nitakuombea vibaya." Akacheka, akaweka spana chini, akanitazama machoni kuona kama natania. Sikuwa natania.

Kila nilipofika kwenye makorongo nilisimama, nikageuka kuangalia jani. Lilikuwa linapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala. Nilijikuta naliimbia pambio. Namshukuru Mungu hapo hapakuwa na mtu.

Nkwenda nililala kwa shangazi yangu. Mlangoni pake nilikutana na wanakwaya wawili wa usharika wa kule, tunafahamiana tangu makongamano. "Bwana asifiwe, Mama Asimwe." "Amina." Macho yao yakashuka mpaka kwenye dumu, yakashuka mpaka kwenye suruali. "Haya, tutaonana," wakasema, nao wakaenda haraka kuliko walivyokuja. Ile habari ya kuuza pombe ilizaliwa hapo, na nadhani ilifika Nyakasimbi kabla ya mimi kuvua viatu. Shangazi alitaka kulipeleka dumu jikoni. Nililiweka chumbani kwangu, nikalala nalo kama mtu analala na mgonjwa.

Nkwenda mpaka Nyabiyonza

Sehemu hii haina mengi, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Barabara ilikuwa na ukungu, migomba pande zote mbili, baiskeli inakwenda bila kelele. Nilikuwa nimeshaanza kusahau kwamba nina mgongo. Tulipitwa na pikapu ya wazee wa posa, Mzee Bashaija mbele na kofia yake, mbuzi nyuma. Akatoa kichwa dirishani akatazama jani, siyo mimi, akarudisha kichwa.

Nilifika nikakuta wameketi, wazee wa bwana harusi huku na wazee wa binti kule. Babu wa binti akasogea kwenye keria, akafungua jani, akatumbukiza kijiti. "Imejaa mpaka shingoni," akasema, na nusu ya wazee wakaguna kwa heshima. Mzee Bashaija alikunja mikono kifuani kama mtu aliyejenga ghorofa. Mimi nilikuwa tayari nimeshaishika baiskeli kwenye siti, nawaza njia ya kwenda nyumbani.

Ndipo babu akachota kwa kibuyu, akasema, "Aliyeibeba aonje."

Desturi hii tunaijua wote. Anayeleta kinywaji huonja kwanza, wenyeji waone hakina kitu kibaya. Nimeiona kwa wajomba zangu tangu sijui kuvaa viatu. Na njia nzima kutoka Kaisho, na sala zangu zote na mahesabu yangu yote, haikunijia hata mara moja kwamba aliyeibeba ni mimi. Nilimtazama Mzee Bashaija. Alikuwa anatazama goti lake.

"Babu," nikasema, "mimi sinywi. Nimeokoka."

"Hatujakuuliza hiyo, mama. Tunauliza kama kinywaji ni kizuri."

"Ni kizuri."

"Umejuaje na hujaonja?"

Watu wakacheka, lakini cheko la kusubiri. Nyuma ya cheko nilimwona yule binti kwenye dirisha la jikoni, ameshika pazia. Rubisi isipoonjwa hurudi, ikirudi na posa imerudi, wakacheke tena mpaka wajukuu. Baiskeli nayo ingebaki pale. Nikatafuta uso wa kunisaidia, na uso nilioupata ulikuwa wa mchungaji wetu. Ndiyo, mchungaji wetu mwenyewe, amealikwa upande wa binti, amekaa kiti cha mbele na soda. Tulitazamana. Kisha aliinua ile chupa ya soda akaanza kusoma maandishi yake, na alisoma kwa makini sana, kama mtu aliyeambiwa atahubiri kutoka humo.

Nilishika kibuyu, nikainamisha kichwa nikasali kwa kifupi, nikaonja.

Wanaouliza kama nilimeza, nilimeza. Wanaouliza ilikuwaje, ilikuwa tamu. Nimeahidi kuandika yote.

Babu akapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, pazia la jikoni likafungwa. Mzee Bashaija akanijia akichechemea.

"Tata, ulijua."

"Ningekuambia ungebeba?"

"Nisingebeba."

"Basi," akasema, akaipiga siti kofi moja la kuagana, kama anavyopigwa ng'ombe anayeuzwa, akarudi kwa wenzake asigeuke.

Nilipokuwa nafungua kamba za mgomba, mchungaji alisimama nyuma yangu. "Mama Asimwe," akasema, "Jumapili tutaongea." Nikasema ndiyo mchungaji. Hakuondoka. Aliinama akaangalia foki, akabonyeza siti kwa kidole gumba. Akauliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumruhusu azunguke uani mara moja tu, mgongo wake nao si mzima tangu semina ya Bukoba. Alizunguka mara kadhaa. Jumapili hatujaongea mpaka leo.

Nyumbani

Keria niliisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu, nikaianika. Haikutoka. Ile harufu imeingia kwenye mbao na sasa ni yake. Jumanne nikapanda nikaanza mzunguko wangu, mgongo kimya, na kituo cha kwanza kilikuwa kwa Mzee Felician.

Mnamjua. Tangu mkewe azikwe ameugeukia ukuta. Nimekuwa nikimsomea zaburi mgongoni mwake, miezi yote hii, na ule mgongo haujawahi kunijibu. Siku hiyo mvua ilinyesha, nikaingiza baiskeli mpaka ndani nikaiegemeza karibu na kitanda. Nikafungua Biblia. Sijafika mstari wa pili, kitanda kikalia. Akajigeuza. Akajiinua kwa kiwiko, akaketi, macho yanatafuta chumba kizima.

"Nani kaja na rubisi?"

"Ni mimi, baba. Mama Asimwe. Hakuna rubisi, ni baiskeli tu."

Aliitazama, na zile pembe zake. Halafu akasema kwamba mkewe ndiye aliyekuwa anaitengeneza vizuri kuliko wanawake wote wa Nyakasimbi, akanieleza alivyokuwa anazimenya ndizi, akanieleza walivyogombana siku ya kwanza. Alilia kidogo. Kisha akaniambia niendelee kusoma, na zaburi yote akaisikiliza amekaa.

Mama Edina, pikipiki ya mwanao abaki nayo. Ila kuna jambo moja naomba kikundi kinisaidie. Kwenye taarifa ya mwezi kuna mahali pa kuandika mgonjwa amepata nafuu kwa njia gani. Kila mwezi naandika Neno. Mwezi huu kalamu imesimama hapo, kwa sababu nikiandika Neno tu, nitakuwa nimeidhulumu keria.